Hema la Kizuka

Siku nyumba ya Mwanatumu ilipoanguka, mwenyewe alikuwa ndani anakoroga uji, na eda yake ilikuwa imefika siku ya tisini na sita. Haikuanguka kwa kishindo. Ukuta wa nyuma ulianza kulainika tangu alfajiri, udongo ukimong'onyoka kidogo kidogo na kuziacha fito wazi, kisha upande mzima ukalala chini polepole kama mgonjwa anayelazwa kitandani. Paa la makuti likafuata. Mwanatumu akachupa nje na mwiko mkononi, akakimbilia kwenye gari la marehemu mumewe, akajifungia humo, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Masika gani yale, jamani! Wiki tatu jua halikuonekana hata la kuanikia kanga. Kuanzia Tiwi mpaka Msambweni nyumba za udongo zilikuwa zinaporomoka, na watu walikuwa wanahamia kwa ndugu zao na virago kichwani. Mwanatumu angeweza kuhama vilevile. Kaka yake yuko Msambweni, ana vyumba vitatu vya mawe, na alikwisha kumpigia simu mara nne. Lakini hakuthubutu kuondoka, na sababu yake ilikuwa ardhi ile ile aliyokuwa ameikanyaga.

Kilikuwa kiwanja cha minazi kumi na saba na mkorosho mmoja mkongwe, nyuma ya Kinondo, juu ya barabara. Mama mkwe wake alikilima mpaka akafa, naye Mwanatumu akakilima miaka ishirini na miwili. Hati hakuna. Kitongoji kizima kile hakuna aliyekuwa na hati. Sasa kukatangazwa kwamba watu wa ardhi watapita kiwanja kwa kiwanja kuandika wakaazi, na kila atakayeandikwa atapewa hati yake. Sharti lilisomwa barazani, likarudiwa mara mbili ili asitokee wa kusema hakusikia: anayekutwa anaishi pale ndiye anayeandikwa. Kiwanja kitakachokutwa hakina mkaazi kitarudi kwa kamati ya kijiji kigawanywe upya. Lini watakuja? Hilo halikusomwa. Huenda wiki hii, huenda mwezi ujao.

Basi uondoke uende wapi?

Tena Mwanatumu alikuwa kizuka, mjane aliye edani. Mumewe, Abdurahman, dereva wa teksi aliyekuwa akibeba wageni wa hoteli za Diani, alipandwa na presha mwezi wa Januari akiwa anafunga kamba za viatu, na viatu havikufungwa tena. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na kwao Mwanatumu kizuka hukaa ndani. Hajipambi, hajitii manukato, hatoki ovyo, na mwanamume asiye maharimu wake hamwoni uso wala hamsikii sauti. Maalim wa msikiti alikwisha kusema, tena kwenye kipaza sauti, kwamba dini haikukaza kamba kiasi hicho, kwamba kizuka mwenye haja ana ruhusa kutoka mchana na kusema na watu. Lakini nani atamsikiliza maalim mbele ya mashangazi? Mwanatumu alilelewa na mashangazi. Alimpenda mumewe, hawakujaaliwa mtoto, na eda ndiyo zawadi ya mwisho aliyobaki nayo ya kumpa. Aliapa ataikaa sawasawa, asije mtu akasema mke wa Abdurahman alitangatanga.

Mdogo wa marehemu aliitwa Abdulrahim. Huyo ndiye mzee wa kijiji, ndiye mjumbe wa kamati, na ndiye aliyechaguliwa kuwatembeza watu wa ardhi siku watakapokuja. Mtu wa sauti ya chini, mpole, kanzu haina doa. Siku ya hitima ya arubaini alisimama mbele ya watu akasema, "Shemeji yetu akae eda yake kwa utulivu. Kizuka hasemi, husemewa. Siku watakapokuja watu wa ardhi, nitamsemea mimi." Watu wakasema mashallah, na Mwanatumu nyuma ya pazia akamwombea dua. Siku ile ile Abdulrahim akachukua kitambulisho chake, ati akafuatilie cheti cha kifo, na hakukirudisha. Kila akiulizwa ni kesho, inshallah.

Nyumba ilipoanguka alikuja na mwavuli. Akasimama mbali, amegeuza uso upande wa barabara kama inavyopasa, akasema, "Shemeji, njoo nyumbani kwangu umalizie eda. Mke wangu amekutengea chumba."

Mwanatumu alijibu kwa kinywa cha Kanze, jirani yake, Mduruma aliyehamia pale kutoka Kinango. "Mwambie ahsante sana. Nitakaa papa hapa."

Abdulrahim akakohoa kidogo. "Mvua hii bado ndefu, shemeji," akasema, akaenda zake.

Mwanatumu hakuwa mjinga. Alijua akivuka mpaka wa kiwanja kile, hata kwa wema, kiwanja hakina mkaazi. Lakini kukaa, akae wapi? Siku nne alikaa garini, miguu ikamvimba. Betri imekufa, vioo havishuki, ndani ni jasho na mbu. Tena gari ni kioo pande zote! Kila apitaye anamtazama kizuka wa watu kama vikombe kwenye kabati. Alining'iniza kanga madirishani, joto likazidi, akazitoa, macho yakarudi. Alikata tamaa hasa. Siku ya nne alimwambia Mungu kwa sauti, "Kama umenisahau, niambie, nijue moja."

Kanze alimletea turubai jeusi la nailoni, lile wanalofunika saruji. Wenzao wote walioangukiwa na nyumba walikuwa chini ya maturubai kama hayo, yametandazwa juu ya fito, huku wazi na huku wazi.

"Lichukue, mwenzangu," Kanze akasema. "Limetoboka, lakini ni bora kuliko kuchemka humo garini."

"Sina ubaya na turubai lako, Kanze. Lakini mimi kizuka, nitajilazaje penye njia mbili kama mbuzi sokoni? Nataka kitu cha kufunga pande zote. Mvua isiingie, na jicho la mtu lisiingie."

Hapo ndipo alipompigia Esha. Esha ni binti wa kaka yake, anasafisha vyumba katika nyumba za wageni huko Tiwi, na wageni wa Tiwi wengine huja na mahema yao, wakiondoka wakayaacha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nataka hema."

"Hema? Hema la nini? La harusi?"

"La kulala, mwanaharamu wee! Dogo, la mtu mmoja. Nilisimamishe ubavuni mwa gari."

Esha alicheka kwanza, kisha akaelewa. Kesho yake asubuhi alikuwa Ukunda, kibandani kwa Beryl, mwanamke wa bara anayeuza vitu vilivyoachwa na watalii: mabegi ya mgongoni, miwani ya kupigia mbizi, na mahema. Kwa kuwa kizuka haendi sokoni, soko likaja kwake kwa simu. Mwanatumu akajikunyata kiti cha nyuma, amejifunika kanga gubigubi ili aione skrini vizuri, na Esha akawa anamrushia picha moja baada ya moja.

Hema la kwanza lilikuwa la kijani, kitambaa kizito kama gunia.

"Hili halipiti hata risasi," Esha akasema.

"Linasimamishwa na watu wangapi?"

Pakawa na minong'ono huko. "Wanaume wawili, shangazi."

"Mimi nitawatoa wapi wanaume wawili? Weka chini."

La pili lilikuwa la samawati, jepesi, linajifungua lenyewe ukilitupa. Lilimvutia. Lakini Mwanatumu ni mtu wa kupekua. Hata papai hanunui bila kulibonyeza. "Mwambie huyo Beryl atandaze gazeti ndani, kisha wewe chota ndoo mbili umwagie juu. Nataka kuona."

"Shangazi, yuko mbele ya watu!"

"Na mimi niko mbele ya mvua. Mwaga!"

Esha akamwaga. Wakafungua, gazeti limekuwa uji. Beryl hakuona haya. Sauti yake ikasikika kwenye simu: "Hiyo ni ya kivuli tu, siz, ya beach. Shikilia hii sasa. Hii mzungu alipanda nayo mlima. Mvua yenu ya Coasto ni nini kwake?"

Hili la tatu lilikuwa dogo kweli, la mtu mmoja na mkoba wake. Lilikuwa na matabaka mawili, la ndani la wavu wa mbu na la nje la kuzuia maji, lililoshuka mpaka chini. Sakafu yake ilipanda ubavuni kama beseni. Mwanatumu akataka aonyeshwe mishono, na Esha akamsogezea simu mpaka ikagusa kitambaa: kila mshono umebandikwa utepe kwa ndani. Akauliza fito zake ni za nini, akaambiwa bati jepesi lisiloshika kutu. Akauliza zipu inafungwa kwa ndani? Inafungwa. Mtu wa nje anaona ndani? Haoni hata kivuli. Wakamwaga ndoo mbili, kisha ya tatu kwa shari. Gazeti likatoka kavu, unaweza kulisoma.

"Rangi yake tu, shangazi. Ni ya machungwa. Inawaka mpaka barabarani."

"Nitafute rangi, kwani nakwenda ngomani? Lete."

Beryl alikubali redio ya gari badala ya hema, ile ambayo Abdurahman alikuwa akisikilizia Kurani alfajiri. Mwanatumu aliing'oa mwenyewe kwa kisu cha jikoni, akiomba radhi.

Esha na Kanze ndio waliolisimamisha, wanawake wawili tu, na halikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Mchanga ulikuwa umelowa haukushika vigingi, basi kamba za upande mmoja wakazifunga kwenye magurudumu ya gari na za upande wa pili kwenye mnazi. Wakachimba mfereji mdogo kuzunguka. Jiko na sufuria zikakaa kwenye buti, mlango wa buti ukawa kibaraza. Jioni ile mvua ilishuka kwa hasira zake zote, na Mwanatumu akakaa humo ndani akipapasa sakafu kila pembe, akingoja tone. Halikuja tone. Akalia tena, lakini kilio hiki kilikuwa kingine. Aliyelishona hema lile, popote alipo, Mungu amzidishie.

Akawa anaishi humo. Anaswali kwa kukaa kwa sababu juu hakumtoshi, anasoma, anahesabu siku zake. Kulipambazuka asubuhi moja mwanamume akaja na vinyago na shanga mkononi, akachuchumaa mbele ya zipu na kuanza, "Jambo! Jambo, mama! Karibu, bei rafiki!" Kanze akamtimua na ufagio. "Wee kipofu! Huyu si mzungu, huyu ni kizuka!" Mwanatumu alicheka humo ndani kwa mara ya kwanza tangu mumewe afe, akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Walicheka wote wawili. Hakuna aliyefikiria zaidi ya kucheka.

Siku ya mia na kumi na tisa ikafika, Jumanne, saa nne asubuhi, manyunyu. Mwanatumu alikuwa anachambua mchele aliposikia viatu vya watu katika matope na sauti za wanaume. Watu wa ardhi! Akaweka ungo chini, akajifunika vizuri, akakaa kitako ameelekea zipu. Alhamdulillahi, amekutwa. Siku zote zile za mbu na uvimbe na redio ya marehemu, basi malipo yake ndiyo haya. Amekutwa.

"Hodi!" mtu akaita. Lafudhi ya bara.

Kizuka haitiki. Atasemewa.

"Hodi wenyewe! Hodi!"

Mwanatumu akashika pumzi. Akamsikia Abdulrahim akikohoa, kile kikohozi chake kidogo, na akajua shemeji yake amesimama hatua mbili tu kutoka kwake.

"Mzee, hii hema ni ya mtalii ama?" yule wa bara akauliza.

Sasa. Sasa atasema. Mwanatumu alikuwa amefumba macho, anangojea jina lake kama mtoto anayengoja kuitwa apewe matokeo.

"Wageni hao, bwana karani," Abdulrahim akajibu. "Huja wakapiga hema siku mbili tatu, wakaenda zao. Pengine sasa wako ufuoni."

"Na hii nyumba iliyoanguka?"

"Ilikuwa ya kaka yangu. Amefariki."

"Hakuacha mtoto?"

"Hakuacha."

"Pole sana, mzee. Basi naandika hakuna mkaazi."

Jamani, mtu anaweza kusikia maneno yote, moja moja, asiyaamini hata moja. Mwanatumu alikaa pale akingoja Abdulrahim acheke aseme ah, natania. Akasikia viatu vinageuka. Hapo mkono wake ukaenda kwenye zipu kabla yeye hajauamuru, akaipasua juu mpaka chini, akatoka kwa magoti, miguu mitupu katika matope, ushungi umeshuka mabegani.

"Mkaazi nipo!" akapiga ukelele. "Nipo! Mimi ndiye mwenyewe!"

Walikuwa watatu: karani na tableti yake iliyofunikwa na mfuko wa plastiki, mpimaji, na Abdulrahim chini ya mwavuli. Karani alirudi nyuma hatua, halafu adabu ikamjia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Naitwa Mwanatumu Hamisi, mke wa marehemu Abdurahman. Nyumba yangu ndiyo hiyo iliyolala. Nimekaa hapa miaka ishirini na miwili, na sasa nalala humu."

"Humu?" Karani akalitazama hema, lile la machungwa linalowaka, zipu yake, fito zake za mlimani. "Una kitambulisho, mama?"

"Anacho huyo shemeji yangu."

Macho yote yakamgeukia Abdulrahim. Yeye hakumtazama Mwanatumu. Alitazama matope, mtu mwenye heshima zake, kama inavyopasa.

"Bwana karani," akasema polepole, "wewe si mtu wa huku, acha nikueleze. Kaka yangu aliacha mjane, hilo kweli, na mjane huyo yuko nyumbani kwangu anakaa eda. Mwanamke wa Kidigo aliye edani hatoki mbele ya wanaume. Hapazi sauti. Uso wake hauonekani. Uliza nyumba yoyote hapa. Sasa huyu aliyetoka hivi, kichwa wazi, anapiga kelele, mimi simjui. Labda huwafulia hao wageni."

Ushungi ule ulioshuka, Mwanatumu alitaka kuupandisha, na akaona akiupandisha sasa ni vibaya, na akiuacha ni vibaya zaidi.

"Kanze!" akaita. "Kanze, njoo uwaambie!"

Kanze alikuwa mlangoni kwake, hatua thelathini, amewaona wote tangu walipoingia. Karani akamwita. "Mama jirani, unamjua huyu?"

Kanze akamtazama Mwanatumu. Kisha akamtazama Abdulrahim, aliyekuwa ameinua uso sasa na kumwangalia kwa upole. Kiwanja cha Kanze kilikuwa ndicho kinachofuata, naye amehamia miaka miwili tu, na pale hana ukoo wala wa kumsemea isipokuwa mzee wa kijiji.

"Mimi mgeni hapa, bwana," Kanze akasema, machozi yanamdondoka. "Watu wa hapa siwajui vizuri."

Karani hakuwa mtu mbaya. Alisugua paji la uso, akasema, "Mama, mimi naandika kile mzee wa kijiji anathibitisha. Kuna siku za malalamiko. Kuja ofisini na kitambulisho na mashahidi wawili." Akabonyeza tableti yake mara mbili kupitia ile plastiki, wakaondoka na mpimaji kuelekea kwa Kanze.

Abdulrahim alibaki nyuma. Mvua ilikuwa imeanza kukaza. Akausogeza mwavuli wake kidogo, ukamkinga Mwanatumu kichwa, naye mwenyewe akaanza kulowa bega moja la kanzu. Akageuza uso upande wa barabara, kama kawaida yake, akasema kwa sauti ile ya chini ambayo watu wote huisifu:

"Rudi ndani, shemeji. Eda yako bado siku kumi na moja."

Mwanatumu akavuta ushungi juu ya kichwa, akapiga magoti, akaingia. Angekwenda wapi?